Bahasha Niliyojitumia Mwenyewe

Kwenye droo ya meza yangu ya kazi pale Kibuye, chini ya visu vya msumeno vilivyokwisha meno, kuna bahasha ya kaki ambayo haijafunguliwa tangu Machi 2016. Jina la mtumaji ni langu na jina la mpokeaji pia ni langu. Niliituma kwa rejista kutoka posta kuu ya Kisumu, nikaipokea hapohapo Kisumu siku chache baadaye kupitia sanduku la shemeji yangu, nikaificha kama mtu anayeficha hati ya shamba. Ndani mna michoro minne ya tanuri la kukaushia samaki kwa moshi, na barua inayoanza kwa maneno mazito: "Mimi niliyetia sahihi hapa chini ndiye mvumbuzi wa kwanza."

Aliyenifunza ujanja huo ni jamaa tunayekunywa naye chai. Alisema muhuri wa posta una tarehe, na tarehe ya posta haibishaniwi. Akitokea mtu wa kukuibia wazo, unaipasua bahasha mbele ya jaji, kesi imekwisha. Niliamini. Nilikuwa nachomelea milango na madirisha miaka kumi na mmoja wakati huo, na hakuna mteja aliyewahi kuniambia kwamba nimebuni kitu. Nilikuwa na njaa ya kuambiwa.

Tanuri lenyewe lilianzia Obunga kwa shangazi yangu. Obunga ni mtaa ambao pua yako huufikia kabla ya miguu. Watu wanaujua kwa mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta (sangara) inayobaki viwandani minofu ikishakatwa na kusafirishwa, ambayo sisi tunaikaanga na kuifyonza mpaka iwe nyeupe. Shangazi hakaangi. Yeye hukausha mbuta wadogo na ngege (sato) kwa moshi, na wateja wake huusafirisha mzigo wake mpaka Luanda ya huku kwetu na Kakamega. Mtambo wake ulikuwa pipa lililokatwa nusu, nondo mbili juu yake, na wavu wa waya. Samaki aliwageuza kwa vidole. Kucha zake zilikuwa nyeusi tangu nikiwa darasa la tatu, na nilidhani ndivyo alivyozaliwa.

Siku moja nilimpata mbuta wake wameshika moto. Samaki yule ana mafuta, na mafuta yakidondoka kwenye kuni moto huruka. Wavu mzima ulikuwa umegeuka makaa, mtaji wa wiki. Shangazi aliketi juu ya mtungi wa plastiki akacheka. "Mwanangu, leo nimewapikia mashetani." Angelia ningemfariji na kwenda zangu. Kile kicheko ndicho kilichoninyima usingizi.

Nikajenga. Sanduku la matofali na udongo, kimo cha kiuno, lenye midomo miwili ya kuingizia kuni mbele. Juu yake trei za mbao zenye wavu chini, zinazopandana moja juu ya nyingine hadi kumi, mbao zikibanana ili moshi usitoroke ubavuni. Zile trei zenyewe zikawa ndizo bomba la moshi. Kuni alizokuwa akimaliza kwa siku moja zikamtosha karibu siku tatu. Majirani walikuja kutazama wakashika viuno. Mimi nikaenda posta.

Aliyenishusha kutoka mbinguni ni rafiki yangu anayefundisha chuo kikuu. Nilimwonyesha picha kwa simu nikitarajia mshangao. Akatazama kwa muda, akasema, "Omera, hii si Chorkor?" Nikamuuliza Chorkor ni nini. Akanitumia waraka kwa baruapepe, nikaenda kuufungua kwenye saiba moja Kondele kwa sababu simu yangu ilikataa.

Intaneti ilikuwa ya kutambaa. Mchoro ukawa unajifungua kutoka juu kwenda chini, mstari baada ya mstari. Kwanza zikaonekana trei, fremu za mbao zenye wavu, zikipandana. Nikajiambia sawa, trei ni trei. Kisha ukuta wa udongo. Kisha, polepole, upande wa kushoto, mdomo wa kuni. Nikashika ukingo wa meza nikisubiri upande wa kulia. Mdomo wa pili ukatokea.

Chorkor ni mtaa wa wavuvi ufuoni mwa Accra, Ghana. Tanuri lile lilitengenezwa huko takriban mwaka 1970, watafiti wa chakula wa Ghana wakishirikiana na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na kina mama wa mtaa wenyewe, na trei zake huweza kupandana hadi 15. Tangu hapo limeenea Afrika nzima. Mimi nimezaliwa 1983. Kitu nilichokivumbua kwa jasho langu, bila kumwibia mtu, kilikuwa kimenitangulia kuja duniani kwa zaidi ya miaka kumi.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma sheria, kwa hasira, kama mtu anayesoma mkataba baada ya kutia sahihi. Sheria yetu ni ya mwaka 2001, Sheria ya Mali ya Viwanda, na ndiyo iliyounda KIPI, taasisi inayotoa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi kwa muda, au patenti kama tunavyosema sisi wa gereji. Nilitafuta mahali panapouliza, "Je, ulikifikiria mwenyewe?" Pale pa kuanzia hapapo. Kinachoulizwa kwanza ni kama kitu ni kipya, na upya wake haupimwi kwa kichwa chako. Unapimwa kwa kila kitu kilichokwisha kuwekwa wazi kwa watu, popote duniani, kwa maandishi, kwa mchoro, kwa mdomo, kwa kutumiwa au kwa kuonyeshwa, kabla ya siku uliyowasilisha ombi lako. Wanasheria wana jina lao zito. Mimi nauita ujuzi uliotangulia.

Neno "popote" lilinikaa kooni. Kwamba mwanamke wa Accra ambaye hatujawahi kuonana, akipanga trei zake asubuhi moja mama yangu akiwa bado msichana, amenifungia mlango. Niliona ni uonevu. Baadaye niliona upande wa pili. Mtu wa Ulaya naye hawezi kuja Obunga, akatazama pipa la shangazi, akarudi kwao akaliandikisha.

Au hapaswi kuweza. Mwaka 1995 hataza ilitolewa Marekani kwa ajili ya kutumia bizari kuponya vidonda. Bizari ileile ya manjano ya kwenye pilau. Wahindi walikuja juu. Bibi zao wamekuwa wakipaka bizari kwenye vidonda tangu zamani ambazo hakuna anayezijua mwanzo. Lakini kusema "bibi alijua" hakukutosha, kwa kuwa sheria ya Marekani wakati huo ilihesabu ujuzi wa nchi za nje iwapo tu umechapishwa au umeandikishwa. Ilibidi baraza la utafiti la India lipeleke maandiko ya Kisanskriti na makala ya jarida la madaktari wa India la mwaka 1953. Hataza ikafutwa 1997. Nilipomsimulia shangazi kisa hicho alisema jambo moja tu: "Basi andika vitu vyangu." Nimeanza. Nina madaftari mawili.

Lakini turudi kwenye tanuri, maana sikuwa nimekata tamaa. Nilijiambia Chorkor haina dawa ya mafuta. Kwa hiyo nikaongeza bati lililoinama kati ya moto na trei ya chini kabisa, lenye mfereji mdogo unaopeleka mafuta nje kwenye mkebe. Moto ukaacha kuruka. Samaki wakatoka na rangi ya dhahabu badala ya masizi, na mafuta yale shangazi akayauza kwa mtu wa chakula cha kuku. Safari hii nilikuwa nimejanjaruka. Kabla ya kujisifu nilirudi saiba. Nilijifunza kutumia Espacenet na Patentscope, hazina mbili za nyaraka za hataza ambazo mtu yeyote anaweza kuzipekua bila malipo, na nilikaa humo jioni nne nikitafsiri kwa shida.

Sikulipata bati langu humo. Nilikaribia kushangilia. Ni rafiki yangu yuleyule wa chuo aliyenikumbusha kwamba si kila ujuzi uliotangulia umelala kwenye hataza, mwingi uko kwenye ripoti, vijitabu vya mafunzo, na siku hizi video. Akanionyesha tanuri la Thiaroye, kutoka Senegali karibu na Dakar, lililoanza mwaka 2008 kwa ushirikiano wa FAO na chuo cha mafunzo ya uvuvi cha huko. Linaboresha yale matanuri ya zamani, Chorkor ikiwemo. Na lina nini? Lina trei ya kukinga mafuta.

Nilicheka kicheko cha shangazi.

Kilichobaki kilikuwa kitu ambacho hata sikukihesabu. Trei ya chini huiva haraka kuliko ya juu, kwa hiyo kila baada ya muda lazima zibadilishane nafasi. Trei tisa zenye samaki wabichi ni mzigo. Shangazi alikuwa akimwita kijana wa bodaboda amsaidie kuziinua, na kijana hulipwa kwa samaki, na siku nyingine hayupo. Mgongo wa shangazi ulishakwisha. Ndipo nikamwekea kanyagio chini upande wa kulia. Ukilikanyaga, mikono miwili ya chuma inainua trei zote za juu kiasi cha vidole vinne, na springi kuukuu ya pikipiki inasaidia kubeba uzito. Trei ya chini inabaki peke yake, unaivuta kama droo, unaachilia mguu, zilizobaki zinashuka taratibu. Ile uliyoitoa unaipandisha juu. Mama wa miaka 60 peke yake, bila kuita mtu.

Nilimwonyesha. Akakanyaga mara tatu, nne, akitabasamu. Halafu akasema, "Si hii ni cherehani?"

Sentensi hiyo nimeilipia pesa baadaye kwa mtaalamu, aliyeniambia jambo lilelile kwa maneno marefu. Kitu kikishapita mtihani wa upya, hataza kamili inadai mtihani wa pili: je, fundi wa kawaida mwenye ujuzi wa kazi hiyo, akijua yote yaliyotangulia, asingefika hapo bila kutoa jasho? Ikiwa angefika, hakuna hatua ya uvumbuzi. Kanyagio lipo kwenye cherehani tangu zama za babu. Springi ipo kwenye kila bodaboda ya Kondele. Trei zipo Chorkor. Mkaguzi wa KIPI angeweza kusema nimeokota vipande vitatu na kuvifunga pamoja. Mimi ningesema hakuna aliyewahi kuvifunga hivyo kwa miaka zaidi ya 40 wakati migongo ya kina mama ikivunjika, kwa hiyo pengine si rahisi kama inavyoonekana. Hoja zote mbili zina uzito, na bado naamini yangu ni nzuri. Lakini hoja nzuri hugharimu barua nyingi na miaka.

Kulikuwa na mlango mwingine. Sheria yetu inatoa pia cheti cha yutiliti modeli, ambacho mimi naita hataza ndogo. Hiki kinataka kitu kiwe kipya na kiweze kutumika kiwandani au kazini, basi. Hakiulizi habari ya cherehani. Ulinzi wake ni miaka 10 badala ya 20 ya hataza, na haurefushwi. Kwa fundi wa Kibuye miaka 10 ni maisha. Nilichagua hicho, na bado kuna wenzangu wanaonicheka kwamba nilikubali cheti cha mtoto.

Ila kabla ya kufika huko nilifanya kosa ambalo lingeweza kunipokonya hata hicho cha mtoto.

Jumamosi, tarehe 15 Julai 2017, nilibeba tanuri langu kwa mkokoteni mpaka ufuo wa Dunga. Kikundi cha kina mama wauza samaki kilikuwa kimeniomba niwaonyeshe. Nani angekataa? Niliwasha moto, nikapanga ngege, nikakanyaga, nikaeleza kila kiungo, hata urefu wa mikono ya chuma niliutaja. Walipiga vigelegele. Kijana mmoja alinasa kila kitu kwa simu, na jioni hiyo video ilikuwa imesambaa WhatsApp hadi kwa binamu yangu aliyeko Qatar, akanipigia simu kunipongeza. Sikujua kwamba saa ilikuwa imeanza kuhesabu. Kwa mujibu wa sheria, siku ile nilikuwa nimeuweka uvumbuzi wangu wazi kwa watu. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nilikuwa nimegeuka ujuzi uliotangulia.

Karibu mwaka mzima nilikaa nikiwaza kwamba bahasha iko salama kwenye droo. (Kwanza, bahasha ile haikuwa hata na kanyagio ndani. Ilikuwa na Chorkor tupu.) Nilikuwa nakusanya pesa, nachomelea mageti ya watu, naahirisha. Mwezi wa Juni 2018 mteja mmoja wa shangazi akaja na habari kwamba kule Usenge ameona tanuri linaloinua trei kwa wenzo wa mkono, na fundi wake anasema atalipeleka Nairobi kuliandikisha.

Nilipanda matatu mpaka Usenge kumtafuta. Nilimpata, mtu mpole kuliko nilivyotaka awe. Alinikaribisha chai. Wenzo wake haukuwa na springi na ulikuwa mzito, lakini kazi ilikuwa ileile. Nikamuuliza kama aliona video ya Dunga. Akasema hajaiona, na kwamba wazo hilo analo tangu mkewe alipoumia mkono miaka mitatu nyuma. "Mimi nilianza kuliwaza kabla yako, ndugu yangu." Nilimtazama usoni na mpaka leo naamini alisema kweli. Watu wawili wenye tatizo moja, ziwa moja, samaki mmoja, chuma chakavu kilekile, kwa nini wasifike mahali pamoja?

Hapo kuwaza mapema hakumsaidii yeyote kati yetu. Kwetu Kenya, watu wawili wakivumbua kitu kimoja kila mtu kivyake, haki ni ya yule ambaye ombi lake lina tarehe ya mapema zaidi. Wamarekani kwa muda mrefu waliuliza nani alivumbua kwanza, ndiyo maana wavumbuzi wao walikuwa wakiandika madaftari na kuwaitia mashahidi, na nashuku ujanja wa bahasha ulichipuka kwenye mawazo ya namna hiyo, ingawa hata huko bahasha ya kujitumia haijawahi kuwa ombi la hataza. Nao waliacha utaratibu huo kuanzia tarehe 16 Machi 2013, wakaingia kwenye kuhesabu tarehe ya ombi kama sisi wengine. Na hata wakati wa utaratibu wa zamani, tarehe 14 Februari 1876, karatasi za Alexander Graham Bell na za Elisha Gray kuhusu simu zilifika ofisi ya hataza Washington siku moja, na watu wanabishana mpaka leo nani alimpiku mwenzake.

Nilirudi Kisumu nikamtafuta wakala wa hataza. Wa kwanza niliyempata aliniahidi hataza ya dunia nzima kwa malipo ya mara moja. Nikashukuru nikaondoka, kwa sababu kufikia hapo nilishajua kwamba kitu hicho hakipo, kila nchi au kila jumuiya ya nchi hutoa yake. Wa pili alikuwa mama mtaratibu ambaye swali lake la kwanza halikuhusu tanuri hata kidogo.

"Umemwonyesha nani, baba, na lini?"

Nikamweleza Dunga. Akavuta kalenda ya ukutani kwa kidole, akahesabu. Kenya ina huruma ya miezi 12: mvumbuzi akifichua kitu chake mwenyewe, au mtu akimfichulia kwa hila, na ombi likawasilishwa kabla ya miezi hiyo kwisha, ufichuzi ule hauhesabiwi dhidi yake. Nilipumua. Akanizuia kwa mkono. "Huruma hiyo ni ya mdomo wako. Si ya mdomo wa jirani." Yaani fundi wa Usenge akilionyesha la kwake hadharani kesho, na alilifikia mwenyewe, hilo linakuwa ujuzi uliotangulia ombi langu, na huruma hainifuniki. Akiwasilisha ombi kesho, ombi lake litalala kwenye faili bila kutangazwa hadi miezi 18, mimi nisilione kwenye saiba yoyote, na bado likanitangulia.

Kuhusu Ulaya aliniambia niisahau. Huko huruma ni finyu sana, na onyesho la ufuoni mbele ya kina mama na simu halimo. Ningekuwa nimewasilisha ombi Kenya kabla ya siku ile ya Dunga, ningepata miezi 12 mingine ya kupeleka ombi nchi za nje huku nikishikilia tarehe yangu ya nyumbani, kwa mujibu wa Mkataba wa Paris wa mwaka 1883. Nilipoteza hayo kwa vigelegele. Sijui ningefanya nini na hataza ya Ulaya, lakini mlango ukifungwa ndipo unapoutamani.

Siku zilizobaki tuliandika. Nilikuja na kurasa kumi na moja nikijisifu kuhusu kuni, moshi, mafuta, rangi ya samaki. Mama wakala alikata Chorkor, akaitaja kwa jina kwamba ipo. Akakata bati la mafuta, akaitaja Thiaroye. Nilimuuliza kwa nini tunawapa silaha, akasema mkaguzi atazipata tu, na afadhali azikute kwetu. Mwishowe dai langu, yaani kile hasa ninachoomba kilindwe, lilibaki sentensi moja, ndefu, inayosema kuna kanyagio, mikono miwili, springi, na trei ya chini inayobaki huru wakati za juu zimeinuliwa. Miaka miwili ya maisha yangu ikaingia kwenye sentensi moja isiyo na nukta katikati.

Niliondoka Kisumu Jumanne asubuhi, nikalala Umoja kwa binamu, na Jumatano, tarehe 11 Julai 2018, nilikuwa South C, Barabara ya Popo, nikiwa na faili chini ya kwapa. Karani alipokea karatasi, akazihesabu kwa kidole alicholowesha, akapiga muhuri. Muhuri ule ulifanana kabisa na ule wa posta, duara na tarehe katikati. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Fundi wa Usenge hakuwasilisha kitu. Alikosa pesa, aliniambia baadaye, na mkewe aliugua tena. Cheti kilipotoka nilimpigia simu kabla ya kumpigia shangazi. Nilimwambia aendelee na wenzo wake. Sheria yenyewe ina nafasi kwa mtu aliyekuwa akitumia kitu kwa nia njema katika biashara yake kabla ya ombi la mwenzake, hivyo sikuwa nampa zawadi kubwa. Lakini nilitaka aisikie kwangu. Alinyamaza kidogo, akasema springi ile ningemwonyesha inavyofungwa. Nilimwonyesha.

Jirani yangu wa banda la pili, mhunzi wa majiko, huona haya yote ni upuuzi. Jiko la kauri la bati lenye kiuno, anasema, liliingia miaka ya 1980, wazo lake lilitoka kwenye majiko ya Thailand, mafundi wa jua kali wakaligeuza likawa la kwetu, na hakuna aliyelimiliki. Ndiyo maana liko kila nyumba. "Wewe tanuri lako liko nyumba ngapi?" Nilihesabu kwa vidole. Tisa, wakati huo. Hatujamalizana naye hoja hiyo, na siku nyingine namwona ana haki.

Cheti kiko ukutani, kimeshaanza kupata rangi ya moshi. Shangazi hajawahi kukisoma. Mashine yenyewe ameipa jina, na wateja wake wote wa Obunga wanalitumia, kiasi kwamba ukiulizia tanuri la kanyagio hakuna atakayekuelewa. Jioni mbuta wakifika humwita mjukuu wake kwa sauti ya kupita paa tatu: "Njoo ukanyage cherehani, samaki wanaoza!"